Salamu Tisini na Tatu

Barua ya ofisi kuu ilimkuta Kahindi amepiga magoti, anapaka gundi mgongo wa kitabu cha tiba ambacho watu wa Mji wa Kale walikuwa wamekifungua na kukifunga mpaka kikachoka. Aliisoma pale pale sakafuni. Akasimama akaisoma tena, maana alidhani labda ni magoti yaliyomfanya asome vibaya. Barua haikubadilika. Ilisema kuanzia mwezi huo Maktaba ya Barazani itakuwa "maktaba shirikishi". Ikasema mhudumu atafunzwa zana za mtandaoni za kuulizana na kujibizana na wasomaji. Wasomaji mia moja wakiujibu ukurasa wake kabla ya mwisho wa mwezi, meza ya mapokezi itabaki, na yeye atabaki nayo. Wasipofika mia, meza itatolewa, pawekwe skrini ya kubonyeza, na mhudumu ahamishiwe stoo ya vitabu vikuukuu kule Makupa.

Stoo ile aliijua. Chumba cha mabati kando ya barabara ya malori, vitabu vimefungwa kwa kamba kama kuni, na mtu akishinda humo kutwa hasikii ila honi. Msomaji hafiki. Anayefika ni panya.

Mtu asiyejua angesema, ah, meza tu hiyo, mbao na misumari. Lakini Kahindi alikuwa na miaka hamsini na minane, na mkewe Kadzo alikuwa amezikwa Kaloleni, huo ukiwa mwaka wa pili. Chumba alichopanga upande wa Buxton kilikuwa na kitanda, jiko na redio. Humo hakuna aliyemwuliza ameamkaje. Kila asubuhi alifunga mlango mdomo wake haujafunguka bado, akatembea mpaka Mji wa Kale, na neno lake la kwanza la siku lilimtoka pale mezani, msomaji wa kwanza alipoingia na kumwambia sabalkheri.

Na meza ile ilikuwa na sheria yake. Mkutubi wa zamani, aliyemfundisha kazi, aliiweka: kitabu hakitoki kabla ya salamu kutimia. Wewe mwamkue msomaji, yeye akuamkue, muulizane wa nyumbani, ndipo aseme ataka chuo gani, maana kitabu pale huitwa chuo. Kahindi aliingia pale kama mfagiaji, elimu yake darasa la saba, na mtu wa kanisani kutoka bara ya pwani. Sabalkheri na masalkheri alizijifunza pale pale, sawa na alivyojifunza mpangilio wa rafu. Mkutubi alipostaafu, ofisi iliahidi kuleta mwingine mwenye diploma. Miaka kumi na minane sasa, bado inaahidi. Kahindi aliweka ufagio, akashika mhuri, akaendesha maktaba. Kwenye karatasi za ofisi ni mfagiaji hadi leo. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanakusahau miaka kumi na minane, halafu siku wanapokukumbuka, wanakukumbuka kwa barua ya kukutoa.

Mwalimu aliyeletwa alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Nekesa, mtu wa magharibi ya nchi, aliyefika Jumatatu asubuhi na kompyuta kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. Ofisi ilimpa maktaba kumi na moja za kufunza na siku moja kwa kila maktaba, kana kwamba anachanja ng'ombe. Alisema hayo mwenyewe baada ya chai, na Kahindi akampenda kidogo kwa kuyasema.

Kazi ilianza na neno la siri. Kahindi aliambiwa aandike neno ambalo hatalisahau. Akaandika Kadzo. Mashine ikamjibu kwa wino mwekundu kwamba neno lake ni dhaifu.

Alilitazama kwa muda mrefu.

"Si yeye, mzee," Nekesa akasema taratibu, aliyekwisha kuelezwa Kadzo ni nani. "Ni herufi. Hazitoshi."

Wakamwongezea Kadzo tarakimu na alama ya mshangao, mashine ikamkubali. Hapo saa nzima ilikuwa imekwisha.

Baada ya hapo zikaja zana zenyewe. Kulikuwa na ubao ambao wasomaji wangebandika maoni yao. Kahindi aliutengeneza mara tatu na mara tatu ukamtoweka, kwa kuwa kila alipomaliza aliubonyeza ule msalaba wa pembeni akidhani ndio kufunga mlango vizuri. Kulikuwa na chemsha bongo. Alitunga maswali matano ya vitabu anavyovijua kuliko mtu yeyote kisiwani, akaijaribu mwenyewe, akapata sufuri, maana alikuwa ameweka alama ya kweli kwenye majibu ya uongo. Nekesa aliuma mdomo asicheke. Kidole cha Kahindi kilichoweza kutoa kitabu kutoka rafu ya nyuma gizani, umeme umekatika, kilipotea njia juu ya kile kipanya kama mlevi. Katikati ya hayo, Bwana Aidarus, mkubwa wa maktaba zote, akapiga simu kuuliza maendeleo, akasema kwa furaha kwamba zana hizi ni rahisi, hata mtoto wa chekechea anaziweza. Kahindi alisema ndiyo, bwana. Moyoni alisema basi ungewaletea watoto wa chekechea ile barua.

Ikabaki fomu. Nekesa alikuwa nayo tayari, imepangwa na ofisi. Swali lilikuwa moja: msomaji atoe nyota, moja hadi tano, kuonyesha anavyoridhika.

"Hili siwezi," Kahindi akasema.

"Ni rahisi, mzee. Unabonyeza hapa tu."

"Kubonyeza naweza. Mtu hajaingia hata mlangoni, namdai nyota. Mimi ni askari wa barabarani?"

Nekesa akasema ndivyo fomu zilivyo, dunia nzima. Kahindi akamjibu kwamba dunia nzima haiazimi vitabu Mji wa Kale. Wakabishana mpaka Nekesa akainua mikono. Basi Kahindi akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele, na adhana ya adhuhuri ilimkuta bado anaandika. Nafasi ya kwanza aliacha ya jina. Halafu: Sabalkheri, u hali gani? Halafu: Nyumbani hawajambo? Halafu: Tangu tuonane, kuna habari gani? Nyota za ofisi alizitia chini kabisa, kama mtu anavyouliza bei baada ya kahawa.

Kikabaki kitu kimoja. Fomu ilikuwa na kialama chekundu; swali ukiliwekea, msomaji hawezi kulipita bila kulijibu. Nekesa alimwuliza lipi ni la lazima. Kahindi hakusita. Salamu zote akaziwekea kialama, kwani tangu lini mtu akaamkuliwa akapita kimya? Nyota akaziacha bure. Hizo, alisema, si lazima.

Hapo Nekesa alicheka, mara ya kwanza siku ile. Akamwonyesha orodha ambamo majibu yangeingia, moja chini ya jingine, akaanza kusema jambo kuhusu wasomaji na kile watakachokiona wao upande wao. Simu yake ikalia. Ofisi ilitaka awe Likoni saa nane. Akakusanya waya zake, akachapisha ile picha ya miraba myeusi ambayo mtu huipiga kwa simu ikamfungulia ukurasa, akaibandika mlangoni na mezani, akasema mengine tutayamalizia Jumatatu ijayo, inshallah. Akaenda zake.

Yale mengine ndiyo yaliyomponza Kahindi.

Ukurasa ulienea kuliko alivyotarajia. Zakariya, mwongoza wageni pale Ngome ya Yesu, ambaye kila siku hupita kusoma gazeti bure, aliupeleka kwenye Wasap ya waongozaji wenzake. Mmoja akampelekea mkewe, mkewe akaupeleka kwenye kundi la kina mama wa kusuka kofia, na kutoka hapo nani angeuzuia? Jumanne yalikuwa majibu tisa. Jumatano yalikuwa thelathini. Kahindi aliwasha kompyuta kabla hajafungua madirisha.

Na majibu gani. Nyota waliweka wanne tu, na wawili wao walisema wamezibonyeza kwa bahati mbaya. Waliobaki walijibu salamu. Fundi saa mmoja aliandika kwamba hajambo ila macho, na saa ndogo za kike sasa anazirudisha. Mama wa mandazi alieleza habari ya paa lake tangu mvua za masika hadi siku ile. Zakariya aliandika kwamba nyumbani hawajambo isipokuwa paka, amenuna tangu Ijumaa na hataki kusema sababu. Kahindi alicheka peke yake, na sauti ya kicheko chake ikamshtua.

Jibu la Bi Mwanakuu liliingia Jumatano alasiri. Huyu alikuwa msomaji wake wa miaka ishirini, mjane wa Ndia Kuu, na hakuwa ameonekana wiki nyingi. Aliandika hivi: "Mimi sijambo. Nyumbani si kuzuri. Ndugu yangu Swafia ametutoka mwezi jana huko Malindi, ndiyo sababu hunioni. Chuo chenu nnacho, nitakirejesha. Na wewe Kahindi, wapata kula? Tangu Kadzo aondoke waonekana kama nguo iliyosahauliwa kambani."

Alikaa na maneno yale. Kadzo alipokufa, Mwanakuu na Swafia walikuja mpaka pale mezani wamejitanda buibui, wakasimama, wakampa pole ya mtu mzima, si ile ya kupita njia. Sasa Swafia hayupo na yeye hakujua. Jibu lilikuwa lazima, na lazima leo.

Lakini ajibu wapi? Aligeuza ule ukurasa wa orodha juu na chini, haukuwa na mahali pa kuandika. Akafikiri. Akaifungua fomu yenyewe, akaona nafasi tupu chini ya "Nyumbani hawajambo?", akasema kumbe ni hapa. Akatia jina lake, nafasi nyingine za lazima akazijaza sijambo, na hapo akaandika: Pole sana, Bi Mwanakuu. Sikuwa na habari. Akabonyeza Tuma, na mashine ikamwambia: Asante. Jibu lako limepokelewa.

Limepokelewa. Alipumua. Aliporudi kwenye orodha, akayaona maneno yake yametokea chini ya yale ya Mwanakuu, kama watu wawili walioketi baraza moja. Hapo ndipo alipoamini kwamba amekuwa mtu wa mtandao.

Siku zilizofuata hakufanya jingine. Alimjibu fundi saa, akamjibu mama wa mandazi na paa lake, akamwuliza Zakariya kama paka amepewa samaki au amepewa vichwa tu. Kila mmoja alipata jibu lake, kwa jina lake, kwa kidole kimoja, mpaka kidole kikavimba. Mwanakuu naye alijibiwa, tena mara mbili. Mara ya pili Kahindi alikumbuka kwamba Swafia alikuwa akirejesha vitabu vimefungwa ndani ya leso, na hakukubali kuifungua leso mpaka mezani pafutwe vumbi. Akayaandika hayo yote, ukurasa mzima. Hakuwa amepata kuandika maneno mengi hivyo maishani mwake, hata barua ya posa ya Kadzo haikuyafikia.

Alhamisi Zakariya aliingia, akachukua gazeti, akalisoma amesimama.

"Keti basi," Kahindi akamwambia.

"Sina haja. Wewe siku hizi wapokea salamu kama serikali inavyopokea malalamiko."

Kahindi alidhani ni mzaha, kwani Zakariya bila mzaha hana uso. Akacheka. Zakariya hakucheka. Alilikunja gazeti akaenda zake Ngomeni kwa wageni wake.

Jumamosi akaja Bi Mwanakuu mwenyewe. Alipanda zile ngazi tatu polepole, akafika mezani, akakiweka kitabu. Hakusema sabalkheri. Kahindi alimwamkua yeye. Kimya. Katika miaka yote ya meza ile, watu walikuwa wameiletea hasira, na madeni ya vitabu, na hata magomvi ya ndoa, lakini hakuna aliyewahi kuiletea kimya.

"Bi Mwanakuu, kuna nini?"

"Nimekwandikia ndugu yangu amekufa," akasema. "Ukanambia asante."

"Mimi?"

Akaitoa simu kwenye mkoba, ukurasa ungali pale kama alivyouacha siku ile, akaisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole. Kahindi akavaa miwani. Asante. Jibu lako limepokelewa. Na chini yake, kwa rangi ya buluu: Tuma jibu jingine.

"Jibu jingine lipi?" Mwanakuu akamwuliza. Sauti haikupanda hata kidogo. "Nizike nani tena?"

Kahindi alianza kueleza kwamba alimjibu, alimjibu mara mbili, habari ya leso yote aliiandika. Mwanakuu alichukua simu yake, akajitanda, akashuka ngazi moja baada ya nyingine. Na kitabu hakuazima.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Hii ya mtandao hawakuisema, na Kahindi siku mbili zile aliwaonea wivu kwa kufa mapema.

Jumatatu Nekesa aliporudi, hakupewa hata nafasi ya kuweka kompyuta chini. Kahindi alimwuliza majibu yake yamekwenda wapi. Nekesa aliifungua orodha, akaishusha, akaishusha tena, na kadiri alivyoishusha ndivyo uso wake ulivyobadilika. Akaketi.

"Mzee, haya yote yenye jina Kahindi umeyajaza mwenyewe? Ndani ya fomu?"

"Ndiyo. Niliwajibu."

Nekesa akamweleza. Fomu ni kama sanduku la maoni, watu hutia, mwenye sanduku hufungua. Aliyetia haoni ndani. Yeye Kahindi kila alipojibu alikuwa akitia karatasi yake ndani ya sanduku lake mwenyewe, na mwenye kulifungua ni yeye.

"Kwa hivyo yamesomwa na nani?"

"Na wewe, mzee." Nekesa alitazama pembeni. "Nilitaka kukwambia siku ile. Simu ikaja."

Wakahesabu. Majibu yalikuwa mia na themanini na saba. Ya Kahindi tisini na nne. Ya wasomaji tisini na tatu.

Kahindi aliivua miwani. Aliwaza chumba chake, na redio. Juma zima amekaa pale anajiuliza hali na kujipa pole, na kidole kimevimba kwa kazi hiyo. Halafu hasira ikamjia, na haikumjia juu ya Nekesa. Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwa wale walioona siku moja inatosha kumfunza mtu kusema na mji mzima. Walioketi kwenye viyoyozi wakatengeneza mlango unaopokea salamu na kusema asante kwa msiba.

Nekesa alivuta kiti karibu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ofisi haisomi majina, inasoma jumla, na jumla ni mia na themanini na saba. Meza imepona. Yeye hakuona kitu. Kahindi alijua kwamba mwanamke huyu alikuwa anahatarisha kazi yake mwenyewe kumwambia hivyo, akamshukuru. Akamwambia atafikiri.

Hakupata usiku wa kufikiri, maana saa tano ile ile Bwana Aidarus aliingia na mpiga picha. Alikuwa anang'aa. Katika maktaba zote hakuna iliyofika hata hamsini. Alimshika Kahindi mkono kwa mikono yote miwili, akamwita shujaa wa mtandao, akamwambia asimame karibu na ile picha ya miraba apigwe picha. Kahindi akasimama. Mpiga picha akamwambia atabasamu.

Sasa, angeweza kutabasamu. Mdomo ni wake. Lakini aliona jambo moja waziwazi, kama mtu anavyoona kitabu kilichopangwa rafu isiyo yake: akikubali zile ni sauti za wasomaji, amekubali kwamba wasomaji wamekwisha kujibiwa. Itaandikwa hivyo. Na Mwanakuu atabaki na asante yake mpaka kufa.

"Bwana Aidarus, si mia na themanini na saba," akasema. "Ni tisini na tatu. Waliobaki ni mimi."

Akaeleza yote. Nekesa alitazama sakafu. Aidarus alisikiliza, akacheka kidogo, akampiga begani.

"Mzee Kahindi, mtandao hauulizi nani. Unahesabu. Na ile hesabu imekwisha kwenda juu."

"Basi meza inabaki."

Aidarus alijikohoza. Akaanza kueleza kwa yale maneno ya mikutano, lakini ukiyakamua yalikuwa haya: ofisi imeona kwamba watu wa Mji wa Kale wako tayari kuamkuana na ukurasa, tena kwa wingi, bila mtu kukaa pale. Kwa hivyo meza ya nini? Skrini itakuja Jumamosi.

"Barua ilisema mia wakijibu, meza inabaki."

"Na wewe umesema sasa hivi ni tisini na tatu."

Basi ndio hivyo. Wakiwa wengi, meza haina kazi. Wakiwa wachache, meza imeshindwa. Kahindi alimtazama mtu huyu, mtoto wa Mji wa Kale, aliyezaliwa nyumba ya nne kutoka pale, aliyekuja na kaptura ya shule kuazima vitabu na kuulizwa hali ya mamake kabla hajapewa.

"Mamako," akamwambia, "angeamkuliwa, akasema nimefiwa, akajibiwa asante. Angefanyaje?"

Aidarus aliitazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. Kisha akasema wabebaji watafika Jumamosi saa tatu, na Jumatatu gari la ofisi litampeleka Makupa siku ya kwanza, siku nyingine atajua mwenyewe. Mpiga picha akauliza kama picha bado inatakiwa.

Wiki ile Kahindi aliinakili orodha. Nekesa, aliyetakiwa awe kwenye maktaba nyingine, alipita kila alasiri akamsomea majina kutoka kwenye kompyuta, na yeye akayaandika kwa kalamu nyuma ya daftari kuukuu la kuazimia vitabu, jina, mtaa alioujua mwenyewe, na alichosema mtu. Paa. Macho. Paka. Majina tisini na tatu. Ijumaa maktaba ilipofungwa, alilitia daftari kwapani, akatoka.

Ndia Kuu si mbali. Alisimama mbele ya mlango wa Mwanakuu, akapiga hodi. Akapiga tena.

"Nani?" sauti ikatoka juu.

"Kahindi wa maktaba."

"Maktaba ishanambia asante."

"Nimekuja kukujibu, Bi Mwanakuu."

Kahindi alikuwa amekwisha kugeuka aende zake. Halafu akasikia kandambili zikishuka ngazi, moja, moja, na komeo likavutwa. Mwanakuu hakumkaribisha ndani, lakini hakumfungia. Aliketi kwenye daka, kile kiti cha jiwe cha mlangoni, akaacha upande wa pili mtupu. Kahindi akauketi.

Akampa pole. Akamweleza sanduku na karatasi, na kwamba yote aliyomwandikia yalirudi kwake mwenyewe. Kisha akamsimulia, kwa mdomo sasa, habari ya leso ya Swafia na vumbi la meza. Mwanakuu alisikiliza akiwa ameukazia macho mlango wa jirani. Kahindi alipofika kwenye leso, Mwanakuu aliuvuta ukingo wa mtandio akajifuta.

"Ilikuwa ya rangi ya komamanga," akasema. "Alizikwa mie n'nayo mkononi."

Simu yake ikalia ndani ya mkoba. Aliitoa, akaitazama, akamwonyesha. Ofisi ilikuwa imeutawanya ule ukurasa upya kwenye makundi yote ya mji, sasa na nembo na maua pembeni. Sabalkheri, u hali gani? Nyumbani hawajambo? Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni.

"Na hii pia ni wewe?"

"Maneno ni yangu," Kahindi akasema. "Mimi ni huyu."

Mwanakuu aliizima simu, akaiweka kifudifudi juu ya jiwe la daka.

"Haya. Nilikuuliza kitu mimi, hukujibu hadi leo. Wapata kula?"

Kahindi alifungua mdomo. Kesho saa tatu wangekuja kuibeba meza, na hakuna aliyemwuliza misumari yake imelegea wapi, wataivunja mguu mlangoni. Daftari lilikuwa na majina tisini na mawili bado, na jua lilikuwa likiondoka kwenye ukuta wa ng'ambo. Alilifunga, akaliweka pembeni.

"Jana nilikula mkate," akasema. "Juzi sikumbuki."

Mwanakuu akainuka, akaingia ndani, akauacha mlango wazi.